4294967297: kwa nini programu inasema tasa, na namna ya kuipasua kwa mkono

Ndugu wa Bukavu, umeuliza kwa nini programu yako inasema 4294967297 ni namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe), ile mnayoita darasani nombre premier, wakati rafiki yako anakataa. Mwenye haki ni rafiki yako: 641 × 6700417.

Kosa liko kwenye kipimo. Programu inachukua n, namba inayopimwa, inapandisha 2 kwa kipeo n − 1, inagawanya kwa n, na baki ikiwa 1 inatangaza tasa. Lakini n yako ni 2³² + 1, hivyo 2³² inaacha −1 (yaani imepungua 1 tu kufikia n) na 2⁶⁴ inaacha 1. Tena n − 1 ni 2³² yenyewe, inayogawanyika kwa 64, kwa hiyo 1 itatoka tu. Weka 3 mahali pa 2, itanaswa. Angalia pia nafasi ya biti 32 ya kuhifadhia namba: inaishia 4294967295, na namba hii ikiingizwa humo inageuka 1.

Mwanahisabati Fermat alidhani namba zote za umbo hili (2 kwa kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32..., kisha + 1) ni tasa, kwa kuwa 3, 5, 17, 257 na 65537 ni tasa kweli. Mwenzake Euler aliipasua hii, yaani alipata vigawo vyake, mwaka 1732. Usihangaike na 3, 7, 11: kila kigawo tasa chake kina umbo 128k + 1, yaani 129, 257, 385, 513, 641... Ya kwanza, ya tatu na ya nne si tasa; 257 inaacha baki 2. Basi 641 ni jaribio la pili tu!

Na hata kugawanya si lazima. Andika 641 = 5 × 2⁷ + 1, halafu 641 = 625 + 16 = 5⁴ + 2⁴. Kwa modulo 641, yaani tukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641 tu, ya kwanza inatoa 5 × 2⁷ = −1; ipandishe kipeo cha 4, unapata 5⁴ × 2²⁸ = 1. Ya pili inatoa 5⁴ = −2⁴. Ingiza: −2³² = 1, kwa hiyo 2³² + 1 = 0. Sijaona uthibitisho mfupi unaopendeza kuliko huu.

Mashini ya tarakimu 8, kama zile za Birere hapa Goma, haitoshi kuhakikisha. Fanya kwenye karatasi: 6700417 × 600 = 4020250200, × 41 = 274717097, jumlisha.

Wengi wanasahau kupima 6700417 yenyewe. Kipeuo chake cha pili ni kama 2588. Vigawo vyake ni vigawo vya namba yako pia, hivyo tasa za umbo 128k + 1 chini ya hapo, ukiacha 257 tuliyokwisha kuifuta, ni 641, 769, 1153 na 1409. Mabaki ni 44, 120, 334, 622. Hakuna sifuri, basi ni tasa.

Kuna njia nyingine isiyohitaji 641 kabisa. Namba yako ni 65536² + 1², na vilevile 62264² + 20449². Namba tasa haikubali kuandikwa hivyo kwa jozi mbili tofauti.