Mazoezi ya Chumba cha 36: ya kuiga nyumbani na ya kuacha

Ukimwona kijana amenyoosha mikono, chupa za maji zinatetemeka vidoleni na jasho linamtiririka, ujue ameitazama The 36th Chamber of Shaolin, au ameitazama filamu iliyoiiga. Ni filamu ya kung fu ambayo studio ya Shaw Brothers iliitoa Hong Kong mwaka 1978, mwongozaji akiwa Lau Kar-leung. Gordon Liu anaigiza kijana anayekimbilia hekalu la Shaolin na kupewa jina la San Te. Mapigano yamo na ni mazuri, lakini kilichoiweka hai filamu hii ni mazoezi: chumba baada ya chumba, na kila chumba kinashughulikia jambo moja tu. Kundi la rap la Wu-Tang Clan wa New York waliitaja katika jina la albamu yao ya kwanza mwaka 1993, na Gordon Liu mwenyewe alipewa nafasi mbili tofauti katika sehemu mbili za filamu ya Kill Bill.

Lau hakuyatoa mazoezi hayo hewani. Baba yake, Lau Cham, alifundishwa na Lam Sai-wing, na Lam alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, bingwa wa Hung Gar, mtindo mmoja wa kung fu. Kwa hiyo msingi wake ni wa kweli: tenga kiungo kimoja, kifanyishe kazi mpaka kizoee, ndipo uende kingine. Visu, moto na uzito ni mambo ya sinema. Chukua msingi, punguza uzito.

Tuanze na maji, maana ndiko watu wengi wanakoumia. San Te anapandisha ndoo mbili huku mikono imenyooka pembeni na visu vimefungwa mikononi, ncha zikielekea mbavuni. Mikono ikishuka, anajichoma. Anayeiga hukimbilia dumu la lita 5 kila mkono. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kilo 5 zilizo mwisho wa mkono ulionyooka zinalivuta bega kuliko kilo hizo hizo zikiwa karibu na mwili. Msuli ukichoka, mabega yanapanda kuelekea masikioni, shingo inachukua mzigo, na kano zilizo juu ya bega zinabanwa na mfupa. Maumivu yake utayajua: huja usiku, ukilalia upande huo.

Anza na chupa za nusu lita. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Inua mikono mpaka chini kidogo ya usawa wa bega, na isogeze mbele kiasi badala ya kuitandaza pembeni kabisa. Dole gumba litazame juu. Shikilia sekunde 20, pumzika sekunde 40, rudia mara 5, siku 3 kwa wiki. Badala ya visu, mwenzako ashike mpini wa ufagio vidole vinne chini ya viwiko vyako. Kiwiko kikigusa mpini, weka chupa chini hata kama sekunde zimebaki. Ukiweza sekunde 45 mara zote 5 bila mabega kupanda, hamia chupa za lita moja, na urudi sekunde 20. Yale madumu ya lita 5 yana kazi yake: yabebe mikono ikiwa imening'inia, kifua wazi, utembee hatua 40 na kurudi. Hapo vidole na mgongo vinapata nguvu bila bega kuteswa.

Magogo yanayoelea majini, ambayo watawa huyavuka kuelekea ukumbi wa chakula, badala yake ni mbao ya inchi 2 kwa 4 yenye urefu wa mita 3, ilazwe chini kwa ubapa. Nenda na urudi mara 10, macho kwenye ncha ya mbao. Anayeangalia miguu yake huinama kiunoni, uzito unaenda mbele, anaanguka. Ukizoea, isimamishe kwa upande wake mwembamba, lakini iegemeze kwa matofali isipinduke.

Kwenye chumba cha kugonga kengele, San Te anatumia nyundo nzito yenye mpini mrefu, na nguvu yote inatoka kwenye kifundo cha mkono. Nyundo ya kawaida ya seremala inatosha. Laza mkono mezani mpaka kifundo kivuke ukingo, shika mpini karibu na chuma, inua na ushushe polepole mara 10. Kila wiki sogeza mkono vidole viwili kuelekea mwisho wa mpini. Uzito ni ule ule, kazi inaongezeka. Kiwiko kikianza kuuma upande wa nje, rudi nyuma vidole vinne na upumzike siku kadhaa.

Chumba cha macho ni chepesi: mwenzako azungushe kitu kwa dakika moja, ukifuate kwa macho, kichwa kisigeuke. Vile vijiti vya udi vinavyowaka kando ya uso achia filamu.

Magunia ya mchanga ya kugonga kwa kichwa usiyafanye kabisa, hata kwa gunia jepesi. Mwaka 1928 daktari Mmarekani Harrison Martland alikwisha eleza mabondia waliopoteza akili na mwendo kwa kupigwa kichwani mara kwa mara. Ubongo hauoti sugu kama ngumi. Mkiwa na watoto kwenye kundi, waambieni hivyo siku ya kwanza, kabla hawajajaribu ukutani.

Fimbo ya vipande vitatu, silaha ya vijiti vitatu vilivyounganishwa, kila mtu anaitaka mapema. Katika filamu San Te anaibuni baada ya vyumba vyote, akiwa amekwisha shindwa na mtawa mwenye mapanga mawili mafupi; na alipotaka kuanzia chumba cha juu kabisa, alitupwa nje. Ukifika zamu yake, kata bomba la plastiki la robo tatu inchi vipande vitatu vya sentimita 65, vifunike kwa sponji na utepe. Toboa sentimita 3 kutoka mwisho, pitisha kamba ya nailoni, acha nafasi ya vidole vinne kati ya kipande na kipande. Lainisha matundu kwa msasa, maana ukingo wa plastiki hukata kamba kidogo kidogo mpaka kipande kinaruka. Kagua kamba kila siku kabla ya kuanza. Kwa mwezi wa kwanza shika vipande viwili vya pembeni, zungusha cha kati tu. Ukiachia kimoja mapema, mkono wako utasimama nacho kitaendelea, na kinakorudi ni kwenye kiwiko au sikio.