Bwawa la mapumziko Tabora: utoro kwanza, vivuli na samaki baadaye

Mkuu, umeuliza mambo matatu: tuta lina unyevu upande wa nyuma (usio na maji), miembe uliyopanda juu ya tuta imeanza kuwa mikubwa, na kama ni sawa kuacha wavu wa kuzuia perege kwenye utoro wa maji, yaani njia ya pembeni inayopitisha maji yaliyozidi bwawani. Naanza na hilo la mwisho, maana wengine waliokujibu wamelipita, na ndilo litakalokuondolea bwawa mvua zikichanganya.

Toa wavu. Usisubiri Novemba.

Tuta la udongo huzuia maji vizuri, lakini halivumilii maji yapite juu yake. Yakishavuka mgongo wa tuta hushuka kwa kasi upande wa nyuma, yanachimba na kurudi kinyumenyume mpaka mgongo wenyewe unakatika. Ikifika hapo hakuna kiroba kitakachosaidia.

Tupige hesabu. Tuseme eneo linalokuletea maji ni kilomita 1 ya mraba, inanyesha milimita 60 kwa saa 1, na asilimia 30 ya mvua hiyo inatiririka badala ya kuzama ardhini. Hizo ni mita za ujazo 18,000, yaani wastani wa mita za ujazo 5 kila sekunde. Utoro tambarare wenye upana wa mita 10 utayapitisha maji hayo yakiwa na kina cha sentimita 44 hivi. Ukiubana ubaki mita 5 kwa sababu umejenga kidaraja cha wageni kupigia picha, kina kinapanda hadi sentimita 70. Kama mgongo wa tuta umeuzidi utoro kwa sentimita 60 tu, tuta lenye utoro wa kwanza limepona na lenye utoro wa pili limevukwa. Na hapo wavu haujaingia kwenye hesabu: matundu madogo hushika nyasi, majani na chupa za plastiki, na mvua moja kubwa inatosha kuugeuza ukuta.

Ukitaka kunusuru samaki, vua Oktoba maji yakiwa machache, uza, kisha kubali kwamba wachache watakwenda na mafuriko. Kuinua utoro kwa mbao au viroba ili bwawa "lishike maji zaidi" ni kosa hilohilo kwa jina jingine. Usijifariji pia na bomba la kutolea maji. Bomba la inchi 6 likitoa lita 50 kwa sekunde, wakati mafuriko yanaingia kwa lita 5,000, haliokoi kitu.

Kizingiti cha utoro kiwe cha zege au mawe yaliyojengwa, kilichonyooka kwa mpira wa maji wa mafundi, siyo kwa macho. Chini yake mkondo uoteshwe ukoka na uelekezwe mbali na kitako cha tuta hadi unaporudi mtoni. Ukiona korongo linaanza kuchimbika mwisho wa mkondo, lijaze mapema: kokoto kwanza, juu yake mawe ya sentimita 20 hadi 30. Mawe matupu bila kokoto yanazama, maji yanaendelea kula udongo chini yake.

Sasa unyevu. Kila tuta la udongo linavuja kidogo, kwa hiyo unyevu peke yake si msiba. Cha kujua ni mambo mawili: maji ni masafi au yana tope, na yanaongezeka au la. Chimba mfereji mdogo uyakusanye, weka kipande cha bomba, kinga kwenye ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Andika tarehe, sekunde, rangi ya maji na kina cha bwawa siku hiyo. Kina ni muhimu, maana bwawa likijaa uvujaji huongezeka wenyewe. Kinachotisha ni ndoo kujaa haraka zaidi wakati kina ni kilekile, au maji kuanza kutoka na tope. Tope maana yake tuta linaliwa kwa ndani na njia ya maji inajichimba kuelekea bwawani.

Unyevu wenye maji masafi ufunike kwa kichujio: ondoa nyasi, tandika mchanga msafi wa chembe kubwa sentimita 30, kokoto sentimita 30, kisha mawe ya kuvikandamiza. Maji yanapita, udongo unabaki. Usizibe kwa saruji upande wa nyuma. Maji uliyoyazibia njia yatapanda ndani ya tuta na kutokea pengine, mara nyingi juu zaidi, na tuta litalowa mpaka lishuke.

Tope likitoka kwa nguvu, zungushia sehemu hiyo viroba vya mchanga kama kisima, maji yapande ndani yake mpaka yatoke masafi. Fungua bomba la kutolea, ondoa watu wote walio chini ya tuta, mpigie mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na zimamoto ni 114. Hii ndiyo hali pekee ya kushusha maji kwa pupa. Siku za kawaida usizidishe sentimita 30 kwa siku, kwa sababu upande wa mbele ukiwa umelowa na maji yanayouegemea yakaondoka ghafla, udongo unamomonyoka vipande vikubwa.

Miembe. Tabora bila mwembe inakuwa vigumu kuifikiria, lakini nafasi yake si juu ya tuta. Mizizi hufuata maji, na mti ukifa mizizi inaoza na kuacha mirija mitupu. Mti ukiangushwa na upepo unaondoka na bonge la tuta. Miche ambayo shina halijafikia sentimita 10 ing'oe kiangazi, shimo ulijaze kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa likiwa na unyevu wa kufinyangika. Mikubwa usiikurupukie bwawa likiwa limejaa: shusha maji kwanza, kata, fukua kisiki na mizizi minene, ndipo ujaze. Vivuli vyako panda angalau mita 8 kutoka kitako cha tuta. Juu ya tuta iwe ukoka tu, uliofyekwa mfupi kiasi cha kuona ardhi unapopita.

Nyasi ndefu huficha kitu ambacho huku kwetu kwenye miombo ni hatari kuliko miti: mchwa. Kichuguu kwenye tuta kinaonekana kidogo, chini yake kuna vyumba na njia zinazoweza kuvuka tuta. Kukata kichwa cha kichuguu ni bure. Fukua mpaka kwenye chumba cha malkia, fuatilia mashimo, mimina uji mzito wa udongo wa mfinyanzi mpaka usiendelee kunywewa, kisha jaza na ushindilie. Dawa za mchwa ziache, nyingi zinaua samaki na wageni wako wanaogelea humo. Mashimo ya fuko na kenge tengeneza vivyo hivyo.

Kama tuta lako ni la udongo mweusi wa mbugani, kiangazi litapasuka. Nyufa zinazofuata urefu wa tuta zichunguze. Zinazolikata kutoka mbele kwenda nyuma zishughulikie kabla ya mvua, maana hizo ni njia tayari kwa maji. Mimina maji ya chokaa kwenye ufa, kisha chimba: weupe utakuonyesha umefika wapi. Chimba sentimita 30 zaidi ya hapo, kingo ziwe za ngazi, jaza na ushindilie. Kuchota udongo mkavu na kuufagilia ndani ya ufa ni kupaka rangi. Mgongo wote ufunike kwa changarawe sentimita 15, uelekee kidogo upande wa maji ili mvua isishuke nyuma. Ng'ombe wapewe njia na birika lao pembeni, na magari ya wageni yasiegeshwe juu ya tuta.

Bomba la chini ya tuta lina vali. Ifungue yote na kuifunga kila baada ya miezi 3, la sivyo siku ya shida itakuwa imeganda. Tazama pia pembeni ya bomba linapotokea. Maji yanayotoka nje ya bomba, siyo ndani yake, ni dalili mbaya, hata kama ni masafi.

Kwa waogeleaji: funga kamba yenye maboya, mbali na mdomo wa bomba na utoro. Mdomo wa bomba uwe na kizimba kikubwa cha nondo, mtu asivutwe. Utoro ukitiririka hakuna anayevuka kwa miguu, hata maji yakiwa ya magoti. Sehemu ya kuogelea ondoa matete na magugu, konokono wa kichocho wanajificha humo, na vyoo viwe mbali na bwawa, upande wa chini maji yanakoelekea. Mabanda ya nyama choma usiyajenge nyuma ya tuta, hata kama ndiko kwenye ubaridi.

Vibali: kwa usimamizi wa maji, Manispaa ya Tabora ipo Bonde la Ziwa Tanganyika, na ofisi ya bonde hilo ipo Kigoma; wenzetu wa Igunga wengi ni Bonde la Kati. Kutumia maji kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na mhandisi akague kabla hujaongeza kimo cha tuta.

Tuletee vipimo vitatu: kimo cha tuta kutoka kitako, upana wa utoro mahali palipobana zaidi, na tofauti ya kimo kati ya kizingiti cha utoro na sehemu ya chini kuliko zote ya mgongo wa tuta. Hicho cha mwisho pima kila mita 5, maana mgongo hutitia katikati bila mtu kugundua.