Zahanati hufia kwenye leja

Nimesimamia zahanati ya kijiji kwa miaka kumi na moja, huko Singida, minne ya mwanzo tukiwa wawili tu, mimi na mhudumu mmoja mama mtu mzima aliyejua kila kaya na kila ugomvi wa pale kijijini. Siku hizi napigiwa simu na vijana waliopangiwa vituo vya mbali. Swali linalokuja la kwanza karibu kila mara ni la mfadhili: dada, tutampata wapi? Mfadhili si mgumu kumpata. Atakuja, atapaka rangi, mtapiga picha. Mimi huwauliza leja yao ya dawa, lile daftari la dawa zinazoingia na zinazotoka, ikoje, na hapo ndipo simu inapokuwa kimya kidogo.

Naomba nieleze kosa langu mwenyewe, maana nililirudia karibu mwaka mzima bila kulijua.

Masika yangu ya kwanza pale, dawa mseto ya malaria iliisha katikati ya Februari. Tulikuwa tumetoa dozi 120. Kwa siku 45 zilizofuata rafu ikawa tupu, wagonjwa nikawaandikia wakanunue. Kipindi cha kuagiza kilipofika nikajaza fomu kwa uaminifu kabisa: siku 90, matumizi 120. Karatasi ikasoma kwamba kijiji kile kinahitaji dozi 40 kwa mwezi. Ukweli ni kwamba zile 120 zilitumika ndani ya siku 45, kwa hiyo mahitaji yalikuwa 80 kwa mwezi. Nikaletewa nusu ya mahitaji, ikaisha mapema, nikajaza tena matumizi madogo, nikapata kidogo tena. Nilikuwa najipunja kwa mkono wangu huku nikiilaumu Bohari ya Dawa, ile ya serikali inayotuletea dawa, kwa sauti kubwa mbele ya wagonjwa.

Aliyenistua ni mfamasia aliyekuja kwenye usimamizi shirikishi, ile ziara ya kukagua vituo na kuvielekeza. Alifungua leja, akafunua kurasa mbili tatu, akauliza, "Hapa rafu ilikaa tupu siku ngapi?" Nikasema sikumbuki. "Na leja nayo haikumbuki?" Haikukumbuka, kwa sababu siku dawa ilipoisha sikuandika sifuri. Niliacha tu kuandika. Fomu ina sehemu ya siku ambazo dawa haikuwepo, na mimi nilikuwa nikiiruka kama vile haikuwekwa kwa ajili yangu.

Hasara ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya dawa. Mama mmoja alifika na mtoto mgongoni, mtoto anawaka moto, nikamuuliza mbona kachelewa siku mbili. Akanijibu bila hasira, "Tulijua hamna, nesi. Tulipita dukani kwanza." Siku ile dawa ilikuwepo. Ilikuwepo wiki nzima! Lakini kijiji kilishazoea kwamba hatuna, na mazoea hayo hayaondoki kwa boksi moja la dawa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na hata ukiacha mengine yote usiuache huu: siku dawa inapoisha, andika sifuri na tarehe. Ijumaa jioni hesabu rafu kwa mkono, ulinganishe na leja kabla hujafunga. Maombi ya masika yapeleke ukikumbuka kwamba malaria hupanda wakati uleule mto unapokata barabara. Na ukijibiwa kwamba bohari hawana, fuata utaratibu wa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuuzia vituo dawa zinazokosekana bohari, ule unaoitwa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Lakini Jazia haiendi kwa maneno. Inataka kituo kiwe na fedha kwenye akaunti na makaratasi yaliyonyooka.

Hapo tunaingia kwenye fedha. Zamani nikitaka hata ndoo ya kupigia deki niliandika barua halmashauri nikasubiri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa wafadhili wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi ndiyo inayokaa kupanga matumizi. Wengine kamati zao zipo kwenye muhtasari tu: wajumbe wanasainishwa barazani, wanapewa soda, wanaondoka. Mimi nilibandika mapato na matumizi kwenye mlango, kwa mwandiko mkubwa, kila mwezi. Mkutano mkuu wa kijiji mmoja, mzee akasimama: "Binti, hii sabuni ya elfu arobaini na nane mnafulia nini?" Watu wakacheka. Nikamjibu pale pale, mashuka ya chumba cha kujifungulia, usafi wa sakafu, kunawa mikono, wiki nne. Akahesabu kwa vidole, akakaa. Mwaka uliofuata maneno yalipozuka kwamba tunauza dawa, aliyenitetea ni yeye, kwa kutaja bei ya sabuni.

Uchangiaji, yaani ada wanazolipa wagonjwa, haukuwa na kitu kikubwa. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasiojiweza hawalipi, na hao ndio waliojaa kwenye benchi letu. Usijaribiwe kuwatoza kwa mlango wa nyuma, sijui "hela ya kadi", sijui "hela ya glavu". Utapata elfu mbili na utampoteza mama atakayejifungulia nyumbani. Kilichotusaidia ni Mfuko wa Afya ya Jamii, ile bima ya hiari iliyoboreshwa, wakati ule shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Tuliandikisha Juni na Julai, alizeti ikiwa imeuzwa. Ukipita Januari, ghala limekauka na ada za shule ziko mlangoni, utaonekana huna haya. Na usimwandikishe mtu ukiwa na rafu tupu, maana mwaka wa pili hatakufungulia hata mlango.

Kuhusu watumishi nitasema kifupi. Nesi kijana aliletwa kwetu mwezi wa kumi, nyumba ya mtumishi ina popo darini na maji yako kilomita mbili. Alidumu hadi Krismasi. Aliyefuata tulimtangulia: serikali ya kijiji ikafukuza popo, ikaweka simtanki la kukinga maji ya mvua na komeo la ndani mlangoni. Komeo lile lilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndilo alilolitaja alipokuwa ananishukuru. Alikaa miaka sita. Pia, mkiwa wawili msikubali kwenda semina wote kwa pamoja. Mlango ukifungwa siku tatu, kijiji kinahesabu umefungwa mwezi.

Halafu betri. Sola ya msaada inakuja na sherehe, betri zake zinakufa kimyakimya baada ya miaka michache, na mfadhili ameshabadilisha mradi. Sisi ya kwanza ilitukatikia usiku, mama yuko kitandani, mkunga ameshika simu kwa meno ili apate mwanga. Tangu pale kamati ilitenga fedha kidogo kila robo mwaka kwa ajili ya betri peke yake, na jina la fundi likaandikwa ukutani karibu na friji ya chanjo. Friji yenyewe isomwe asubuhi na jioni, kati ya nyuzi 2 na 8. Ukikuta chati ya mwezi mzima imejazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, wino haujapauka popote, ujue imejazwa leo.

Nilipohamishwa nilimwachia mrithi wangu funguo, leja na daftari la kurasa arobaini: mwezi ambao mto hukata barabara, kaya zenye mjamzito, wajumbe wa kamati wanaokuja kweli na wanaokuja kwa soda. Alipokea vizuri, ila niliona macho yake yako kwenye nyumba. Wiki ya tatu akanipigia usiku. "Dada, hizi siku za bila dawa, wewe ulikuwa unaanza kuhesabu siku ile inapoisha au kesho yake?"