Niko Uingereza, nataka mdogo wangu auze kiwanja changu cha Buswelu kwa niaba yangu: nimwandikie nini?

Swali: Mwangaluka, Wakili. Mimi ni muuguzi, niko Manchester mwaka wa tisa sasa. Nina kiwanja Buswelu, Mwanza, chenye hati miliki kwa jina langu. Nilikinunua kabla sijaondoka, nikiwa tayari nimeolewa. Sasa nataka kukiuza, na mdogo wangu wa kiume anayeishi Kirumba amekubali kunisimamia. Dalali anasema nimwandikie barua tu ya kumruhusu, niitume kwa WhatsApp. Je, inatosha?

Jibu: Mwangaluka, dada. Haitoshi, na dalali anayekuambia inatosha usimwachie kazi hii.

Ardhi yenye hati miliki ikiuzwa na mtu asiye mwenyewe, anayesaini anatakiwa awe na hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kisheria inayompa mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwenye ardhi, nayo isajiliwe kwa Msajili wa Hati, ofisi ya serikali inayosajili hati za ardhi. Msajili anataka karatasi yenyewe, yenye saini yako na muhuri wa aliyekushuhudia ukisaini. Picha ya simu haisajiliki.

Kwa kuwa uko huko, saini mbele ya afisa wa Ubalozi wetu London, au mbele ya notari wa Uingereza, yaani mwenye mamlaka ya kuthibitisha saini na nyaraka, kisha ubalozi uithibitishe. Angalia hapo: hapa kwetu umezoea kwamba wakili ndiye notari, lakini kule ni kazi mbili tofauti na mawakili wengi hawana mamlaka hayo. Mimi ningepanda treni hadi London nimalize yote kwa safari moja. Hati ikishafika Mwanza kwa kampuni ya vifurushi, mdogo wako ailipie ushuru wa stempu, ndipo aipeleke kwa Msajili.

Linalowarudisha watu dirishani mara nyingi ni majina. Kama hati miliki ina jina la kwenu na pasipoti ina jina la mume, kula kiapo cha majina mapema, kinachosema kwamba majina yote mawili ni yako. Namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati miliki vinakiliwe kama vilivyo, herufi kwa herufi. Ya mdogo wako yafuate kitambulisho chake cha NIDA, na picha zenu wote wawili zibandikwe.

Sasa niseme lile ambalo ningemwambia hata dada yangu wa tumbo moja. Mpe mdogo wako mkono wa kusaini, usimpe mkono wa kupokea fedha. Hati nyingi ninazoletewa zimenakiliwa mahali, zinasema mwakilishi anaweza "kufanya jambo lolote kwa niaba yangu". Kwa maneno hayo anaweza kuuza kwa bei yoyote, kwa yeyote, na fedha zote zikapita kwake. Nimewahi kusimamia shauri la ndugu wawili waliofika mahakamani kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Mdogo mtu hakuwa mwizi. Fedha zilimkuta ana mgonjwa hospitali ya Bugando, akachukua kidogo, kisha kidogo tena, mpaka akashindwa kurudisha. Karatasi nzuri ingemkinga na yeye pia.

Kwa hiyo andika kazi zake kwa majina: kulipa kodi ya pango la ardhi inayodaiwa, kufuatilia uthamini, kusaini mkataba wa mauzo, kusaini Fomu Namba 29, 30 na 35 za ardhi (za taarifa ya mauzo, maombi ya kibali na uhamisho wa miliki), kufika Manispaa ya Ilemela na kwa Msajili. Andika bei ambayo hawezi kushuka chini yake. Andika kwamba malipo yote yataingia kwenye akaunti yako ya benki, na utaje namba yake, ili mnunuzi akilipa kwingine ajue amekosea. Andika kwamba hawezi kujiuzia mwenyewe wala mkewe, na hawezi kumkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Mwisho weka ukomo; miezi sita inatosha, ikipita bila mnunuzi utaandika nyingine.

Ukibadili mawazo katikati, kumwambia kwa simu hakutoshi. Andika hati ya kutengua, isajiliwe palepale iliposajiliwa ya kwanza, na umjulishe dalali pamoja na mnunuzi kama yupo. Ujue pia kwamba uwakilishi huisha mtoaji anapofariki. Baada ya hapo ni mambo ya mirathi na msimamizi wake.

Kuhusu kodi, Mamlaka ya Mapato (TRA) watatoza kodi kwenye faida uliyopata, yaani bei ya kuuzia ukiondoa gharama zako, na kiwango cha asiye mkaazi ni kikubwa kuliko cha mkaazi. Tafuta mkataba ulionunulia na risiti za upimaji, fensi, na chochote ulichojenga. Bila hizo faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kuna mtu mmoja hukumtaja kwenye swali lako, naye ni mumeo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hata kama chako ni kiwanja kitupu, mnunuzi na ofisi ya ardhi watauliza, kwa sababu ulikinunua ukiwa ndani ya ndoa. Nenda naye London, asaini ridhaa yake siku hiyohiyo mbele ya afisa huyohuyo, na karatasi zote mbili zisafiri kwenye bahasha moja.