Maswali ya Wasomaji: Soketi ya Koili Iliyovunjika Kibanio

SWALI: Fundi, shikamoo. Gari langu dogo la petroli, lenye umri wa zaidi ya miaka 15, lilianza kumisi (silinda moja au zaidi kukosa kuwaka) nikiwa safarini kwenda Kondoa. Nilipofungua boneti nilikuta soketi mbili za koili (vifaa vinavyokuza umeme ili plagi itoe cheche) zimevunjika vibanio na kufungwa kwa soletepu. Je, naweza kuzibadilisha mwenyewe nyumbani, au ni lazima gari lifumuliwe waya zote?
Msomaji wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba. Unaweza, na hakuna haja ya kufumua waya. Plastiki inayokaa juu ya injini kwa miaka mingi hukaushwa na joto mpaka ikawa kama ganda la karanga. Hapa kwetu Dodoma tuna na vumbi, ambalo huingia chini ya kibanio, likalowana oili na kuganda. Mtu akibonyeza, kibanio hakishuki, naye huchukua bisibisi na kuchokoa mpaka kikatike. Soletepu haisaidii kitu, kwa sababu gundi yake hulainika kwa joto, soketi ikapanda kidogo tu, na injini ikitetemeka umeme unakuwa wa kugusa na kuachia. Ndiyo maana gari lako linamisi.

Subiri injini ipoe kabisa, toa waya wa hasi wa betri, kisha safisha soketi kwa mswaki mkavu kabla hujaigusa kwa kifaa chochote. Ichomoe na uchungulie vichwa vya shaba vilivyo ndani. Vikiwa visafi na bado vinabana, nunua ganda la soketi peke yake. Vikiwa vimeungua au vimeota kutu ya kijani, nunua soketi iliyokwisha kuungwa vipande vya waya. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, maana soketi mbili zenye idadi sawa ya matundu zinaweza kutofautiana kwa mfereji mmoja wa pembeni, na hiyo ikatosha kuzuia isiingie.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayokuomba usiiharakishe. Piga picha ya soketi kwa simu. Soketi nyingi zina kifungo cha pili kinachozuia vichwa vyote visitoke. Kiinue hicho kwanza. Kisha ingiza sindano nyembamba kwa mbele, inua ulimi mdogo wa plastiki unaoshika kichwa cha shaba, na uvute waya taratibu kwa nyuma. Ukiona unatumia nguvu, ujue ulimi bado haujaachia. Hamisha waya mmoja tu kwa wakati mmoja, kutoka tundu la zamani hadi tundu lile lile la ganda jipya, mpaka usikie umeitika "ta!", halafu uvute kidogo kuhakikisha umekaa. Kwa mfano, koili nyingi za Toyota zinazokaa moja moja juu ya kila plagi zina waya nne: mmoja huleta umeme wa volti 12, mwingine ni wa ethi (unaoungwa kwenye bodi ya gari), wa tatu huleta amri kutoka kompyuta ya gari, na wa nne hurudisha taarifa kwamba cheche imetoka. Ukizichanganya, unaweza kuunguza koili au kompyuta yenyewe.

Ikibidi kuunga waya, usikate zote mahali pamoja. Pishanisha maungio yasije yakagusana. Mimi hupendelea kubana kwa kijibomba cha shaba, kisha kuvisha mpira unaosinyaa kwa joto. Wapo mafundi wazuri wanaochomelea kwa risasi, lakini juu ya injini inayotetemeka waya hukakamaa pale risasi ilipoishia, na hapo ndipo hukatika. Waya za njano za mifuko ya hewa, na zile nene za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi (yanayotumia petroli na umeme), usiziguse kamwe.

SWALI: Nimebadilisha soketi, lakini taa ya injini haijazimika.
Msomaji wa Manyoni, Singida

JIBU: Kompyuta huenda bado inakumbuka hitilafu ya zamani. Omba fundi mwenye mashine asome namba za hitilafu, azifute, kisha uendeshe gari. Ikirudi P0302, kwa mfano, silinda namba 2 ndiyo inayomisi: hamishia koili yake silinda namba 3, na ya namba 3 uilete namba 2. Hitilafu ikihama na kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, kagua plagi na waya za soketi hiyo kabla hujanunua koili mpya.