Mkopeshe yaya yako, lakini hivi

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini mtoto wa mjomba wako, uliyemkopesha mwaka jana, sasa hapokei simu yako. Na umjibu nini yaya yako, ndugu yako mkubwa, anayeomba dola 200 aongeze vitenge kwenye meza yake soko la Kenya, hapa Lubumbashi.

Yule mtoto wa mjomba wako hakuchukii, anaona haya. Kila akikuona anakumbuka deni, na hakuna anayevumilia haya muda mrefu. Mwishowe atakutafutia kosa ili apumue: utasikia una majivuno tangu upate kazi Kolwezi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Basi anayekopesha ayafikirie hayo matanga harusi ikiwa bado inachezwa.

Mpigie mwenyewe. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp la familia, wala usimtume shangazi. Usimuulize atalipa lini, maana utamlazimisha adanganye. Mwombe dola 10 mwisho wa wiki hii. Akishatoa hata kidogo, ataweza kukutazama usoni tena. Akishindwa hata hizo, mwambie wazi kwamba umemsamehe, na usimkopeshe tena.

Kwa yaya yako, anza kwa kuhesabu ni kiasi gani kikipotea hakitakugombanisha na kodi ya nyumba wala minervali, yaani ada ya shule, ya watoto. Kama ni 120, mwambie 120 leo hii. “Tutaona” huumiza kuliko “hapana”, kwa sababu anayeisikia huenda kuahidi wauzaji kwa pesa ambayo hana.

Kisha karatasi. Wengi huona aibu kumwandikisha ndugu, lakini karatasi inamlinda yeye pia, kwani baada ya miezi kila mmoja hukumbuka kiasi kinachomfaa. Andikeni kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe za kulipa, sahihi zenu mbili, na shahidi mmoja mnayemheshimu wote. Asiwe mtu wa ukweni kwake. Huko hataki umaskini wake ujulikane. Andikeni pia kwamba ni dola na zitarudi dola, maana franga ikishuka mtabishana juu ya bei ya kubadilisha.

Noti mkague pamoja, moja moja, mbele ya mwanga. Yenye mpasuko mdogo pembeni, hata kama wa ukubwa wa ukucha, wauzaji wataikataa au kambisti, yule anayebadilisha pesa, ataipunguzia thamani, na yeye ataona ulimpa pesa mbovu.

Usipange alipe yote siku moja. Anayeuza mezani hupata pesa kila siku, na kila siku kuna mdomo wa kuila. Mwachie wiki mbili za kwanza mali izunguke, halafu alipe dola 15 kila Jumamosi kwa wiki nane. Mkumbushe Alhamisi, kabla ya siku yenyewe. Ukimkumbusha Jumatatu, baada ya siku kupita, tayari unamshtaki.

Jambo moja la kuangalia sana: akikuambia dola 80 zilizobaki atazitoa kwa Banki Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani, zuia na zako. Huko anayechukua 100 anaweza kudaiwa 130 au 150 mwisho wa mwezi, na vitenge havitoi faida ya namna hiyo. Wale watalipwa kwanza kwa sababu anawaogopa; wewe atakulipa mwisho kwa sababu anakupenda.

Mama yako