Mume na mke wahesabiwe pamoja

Umeuliza kama unaweza kuwaingiza mume na mke kwenye regresheni ya lojistiki (hesabu ya kukadiria uwezekano wa jibu la ndiyo au hapana), kila mmoja na mstari wake wa data. Hapana, ndugu yangu, hesabu hiyo hudhani kila mstari unajitegemea, na hali zao za VVU zimefungamana. Tuseme asilimia 10 ya waume na asilimia 10 ya wake wana VVU. Kama hali zao hazihusiani, ungekuta wote wawili wanavyo katika ndoa 1 tu kati ya 100. Data halisi kwa kawaida huzidi hapo, na ziada hiyo ndiyo unayoitafuta.

Ifanye ndoa iwe mstari mmoja wenye majibu manne: hakuna mwenye VVU, mume tu, mke tu, wote wawili. Kisha tumia lojistiki ya makundi mengi, ile inayopokea majibu zaidi ya mawili.

Na tafadhali, kama walipimwa mara moja tu, usiandike nani kamwambukiza nani. Sentensi hiyo huvunja nyumba za watu. Lazima wafuatiliwe kwa muda, kama kwenye utafiti wa kule Rakai, Uganda (matokeo yalitoka mwaka 2000): jozi 415 ambazo mmoja tu alikuwa na VVU. Wenza 90 waliambukizwa, na hakuna hata mmoja ambaye mwenzake alikuwa na nakala za virusi chini ya 1,500 kwa mililita.